Barua ya wazi kwa wakuu wa maabara: kabla ya kumjibu Bibi, semeni panya walikula nini

Kwa:
Mkurugenzi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya Utafiti,
na wote wenye dhamana ya chumba cha wanyama.

Malindi

KUH: CHAKULA CHA PANYA NA MAJIBU YA KIPIMO CHA ESTROJENI

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima. Nawaandikia hadharani kwa sababu faraghani nimeandika hadi nimechoka. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikanyamaza. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja: suala limezingatiwa. Mara ya tatu nilikuja mwenyewe ofisini, nikaketi kwenye benchi kutoka asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, kisha nikaambiwa kwamba kazi ya mtunza panya ni kulisha na kufagia, sayansi ina wenyewe. Sikukasirika. Ni kweli kazi yangu ni kulisha, na ndiyo sababu barua hii inahusu chakula.

Jina la taasisi silitaji, wala la mtu yeyote ndani yake. Sina nia ya kumwaibisha mtu. Nataka jibu lililotolewa lirudishwe mezani.

Kwa wasomaji wengine, kisa ni hiki. Bibi mmoja wa Amu, mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa wake, alikubali kutupa mizizi anayowachemshia wazazi wakiwa arubaini na wanawake waliokwisha koma hedhi. Jina la mti ni amana yake, silisemi. Hakutaka pesa. Alikuwa na swali moja tu: dawa hii ina nguvu ya kike ndani yake au haina? Aliuliza kwa sababu mmoja wa wanawake anaowahudumia alitibiwa saratani ya titi Mombasa, na daktari wake akamwonya akae mbali na chochote chenye estrojeni, yaani homoni ya kike. Bibi akaacha kumpa, akasubiri wasomi waseme.

Wasomi mkasema. Barua yenu ilisomwa mbele yake: hakuna athari ya estrojeni iliyoonekana. Aliitikia kwa kichwa, akasema alhamdulillahi. Yule mwanamke ameanza tena kuinywa.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na nikajua kwamba hatukuwa na haki ya kuandika sentensi ile.

Kipimo chenyewe ni chepesi kukieleza. Vitoto vya panya vya kike, vilivyoachishwa ziwa punde, hupewa dawa siku tatu mfululizo. Yapata saa ishirini na nne baada ya dozi ya mwisho huuawa, mji wa mimba ukatolewa, ukasafishwa mafuta, ukakamuliwa maji juu ya karatasi ya kuchujia, ukapimwa kwa mizani ya miligramu. Kitoto ambacho hakijabaleghe hakina estrojeni ya maana mwilini, hivyo mji wake ni mwembamba kama uzi. Ukikipa kitu chenye nguvu ya estrojeni, mji huvuta maji na kunenepa. Kundi moja hupata dawa inayochunguzwa, jingine hupata mafuta matupu yasiyo na kitu, na la tatu hupata estrojeni inayojulikana, ethinili estradioli, ile ile ya vidonge vya kupanga uzazi, ili tuone kama panya wenyewe wanaitikia. Mwongozo wa kimataifa wa kazi hii ni nambari 440 wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), uliopitishwa mwaka 2007, ingawa kupima estrojeni kwa uzito wa mji wa mimba ni jambo la tangu miaka ya 1930.

Kazi yote hii inasimama juu ya sharti moja: kitoto kisiwe kimekwisha kupata estrojeni kwa njia nyingine. Malalamiko yangu ni haya.

1. Gunia.

Chakula tulichowapa panya hakikuwa cha maabara. Kilikuwa vidonge vya sungura kutoka duka la vyakula vya mifugo hapa mjini. Nilikibeba mimi begani, na lebo nimeisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote katika jengo letu. Imetaja protini, mafuta, nyuzinyuzi na unyevu. Chini yake, kwa herufi ndogo: mahindi, pumba za ngano, mashudu ya soya, majani ya alfalfa, chokaa, chumvi.

Waheshimiwa, soya na alfalfa si vyakula vya kumlisha panya anayepimwa estrojeni bila kuvichunguza kwanza. Soya ina isoflavoni, kemikali za mimea zinazofanana na estrojeni, hasa jenisteini na daidzeini, na hizi hushika vipokezi vya estrojeni mwilini kama ufunguo bandia unaoingia kwenye kitasa; haufungui vizuri kama wa asili, ila unafungua. Alfalfa ina kumestroli, kemikali nyingine ya jinsi hiyo, ambayo nguvu yake ni kubwa kuliko ya jenisteini, na mmea ukishambuliwa na kuvu au wadudu kiasi chake huongezeka. Panya naye ana lake. Bakteria wa tumboni mwake huigeuza daidzeini kuwa ekuoli, yenye nguvu zaidi ya estrojeni, kwa ufundi mkubwa kuliko wa matumbo ya watu wengi. (Ekuoli ilipatikana kwanza kwenye mkojo wa farasi mwenye mimba, mwaka 1932, na jina lake limetoka huko. Punda wetu wa Amu wana jamaa maarufu.)

Kama mnaona nakuza mambo, waulizeni wafugaji wa kondoo wa Australia Magharibi. Miaka ya 1940 kondoo wao waliolishwa aina fulani ya klova waliacha kushika mimba, na waliokuwa na mimba wakapata shida ya kuzaa. Ripoti ya mwaka 1946 ikaonyesha kwamba tatizo lilitoka kwenye malisho yenyewe: mmea ule, kama ilivyojulikana baadaye, ulikuwa na isoflavoni. Au tuje kwa mnyama wa kwetu. Duma waliofugwa katika bustani za wanyama za Marekani walikuwa hawazai na maini yao yanaharibika. Mwaka 1987 watafiti wa Cincinnati walionyesha kwamba chakula chao cha dukani kilijaa isoflavoni za soya. Baadhi yao walipobadilishiwa wakapewa kuku, vipimo vya ini vikapata nafuu. Duma mzima, mwenye mbio zote zile, anaangushwa na maharage. Sasa fikirini kitoto cha panya cha gramu 50.

Mwongozo 440 umeweka mpaka: chakula kisizidi maikrogramu 350 za jenisteini, au kinacholingana nayo, kwa kila gramu. Hata mpaka huo si mdogo. Panya mzima wa gramu 250 hula kama gramu 20 kwa siku. Katika chakula kilichofika mpakani, hizo ni miligramu 7 kwa siku, yaani miligramu 28 kwa kila kilo ya mwili. Mfanye panya huyo awe mtu wa kilo 70, ni karibu gramu 2 kila siku. Najua panya huchoma chakula haraka kuliko sisi na hesabu ya kilo kwa kilo si ya haki. Basi gawanyeni kwa 6, kama wafanyavyo watu wa dawa. Bado zinabaki miligramu zaidi ya 300. Wajapani, ambao soya kwao ni kama nazi kwetu, hupata kati ya miligramu 25 na 50 za isoflavoni kwa siku. Na vitoto vinavyokua, ambavyo ndivyo tulivyovitumia, hula zaidi kwa uzito wao kuliko panya wazima.

Chakula chetu kilikuwa na kiasi gani? Hakuna ajuaye. Hakikupimwa, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kuliko yote katika barua hii.

2. Uzito wa wale wasiopewa kitu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwashika panya siku ya kupima, nikitaja namba kwa sauti huku mwingine akiandika. Baada ya kundi la mafuta matupu kupita nilijua kuna jambo. Miji ile haikuwa uzi. Ilikuwa minono, myekundu kiasi, kama ya wasichana waliokwisha vunja ungo.

Mwongozo umeliona hilo kabla yetu. Unasema kwamba kwa vitoto wasiopewa dawa, mji wa mimba ukizidi asilimia 0.09 ya uzito wa mwili, majibu yatiliwe shaka na ikibidi kazi irudiwe. Kwa kitoto cha gramu 50 hiyo ni miligramu 45, yapata punje mbili za mchele. Nilipiga hesabu kwa kalamu kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu jioni ile ile. Wengi wa panya wetu wa kundi hilo walizidi. Daftari ninalo. Namba rasmi mnazo nyinyi, na katika ripoti aliyosomewa Bibi hazikutajwa kabisa. Uliotajwa ni ulinganisho tu, kwamba kundi la dawa halikutofautiana na kundi la mafuta. Naam, halikutofautiana. Makundi yote mawili yalikuwa yameshiba soya.

Mficha uchi hazai, waheshimiwa. Toeni namba.

3. Gunia la kwanza na gunia la pili.

Gunia liliisha siku ya pili ya dozi. Nikatumwa dukani, nikarudi na jingine lenye picha ile ile ya sungura. Vizimba vya upande wa dirisha vilikuwa bado vina chakula cha zamani, vya upande wa mlango vikapata kipya. Hayo niliyaandika kwenye karatasi ya chumba cha wanyama, kwa saa na tarehe.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu gunia si dawa ya kidonge. Kiwanda hununua soya ilipo rahisi, na ikipanda bei huweka kitu kingine chenye protini sawa. Lebo haibadiliki, kwa kuwa protini haijabadilika. Thigpen na wenzake, katika taasisi ya serikali ya Marekani ya sayansi ya afya ya mazingira, walipima vyakula vya panya vya maabara, wakachapisha mwaka 1999 na baadaye tena, na walichokuta ni kwamba hata chakula cha kampuni ile ile, jina lile lile, hutofautiana sana kwa isoflavoni kutoka shehena hadi shehena. Hivyo ni vyakula vya maabara, vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo. Sembuse cha sungura.

4. Ukungu.

Hapa sitakaa sana. Stoo yetu iko ukutani upande wa bahari, na kila mtu wa pwani anajua chumvi na joto vinafanya nini kwenye gunia. Wakenya tunaujua ukungu wa mahindi kwa aflatoksini: mwaka 2004, hasa Ukambani, waliugua watu 317 na wakafa 125. Lakini mahindi yana kuvu mwingine, Fusari, apendaye baridi na unyevu shambani, naye hutoa sumu iitwayo zearalenoni. Sumu hiyo ni estrojeni hasa. Nguruwe jike wachanga wakiila, sehemu zao za siri huvimba kana kwamba wako kwenye joto. Mahindi yakiwa yameambukizwa huko bara yalikolimwa, stoo yetu safi isingesaidia. Nayo si safi.

5. Matandiko na chupa.

Tunawatandikia magunzi ya mahindi yaliyosagwa kwa sababu ni ya bure. Mwaka 2002 watafiti wa Texas, Markaverich na wenzake, walieleza kwamba magunzi yana kemikali zinazovuruga uzazi wa panya. Panya huyatafuna wakichoka. Chupa zetu za maji ni za plastiki ya polikaboneti, zimekwaruzika hadi zimekuwa kama kioo cha matatu ya zamani. Mwaka 1998, katika maabara ya Patricia Hunt huko Cleveland, mtu mmoja alisafisha vizimba na chupa za plastiki hiyo kwa sabuni isiyofaa, plastiki ikaanza kutoa bisfenoli A, kemikali inayoiga estrojeni, na mayai ya panya yakaharibika mgawanyo wa kromosomu. Aliyegundua hakuwa akitafuta bisfenoli. Alikuwa akishangaa kwa nini panya wake wasiopewa kitu wameharibika. Kisa hicho nakipenda kwa sababu kilianza pale pale ninaposimama mimi, kwenye beseni la kuoshea.

Sasa najua mtakayosema, kwa kuwa mengine nimeambiwa tayari.

Mtasema makundi yote yalikula chakula kimoja, basi athari imejifuta. Kwanza hayakula kimoja, someni nambari 3. Lakini hata yangekula kimoja: nendeni ufukweni siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa hadi ukutani, mmwage ndoo moja, kisha mwambie mtu apime kina kimeongezeka kiasi gani. Siku maji yametoka, mkaimwaga ndoo ile ile kwenye kidimbwi mwambani, ataiona. Mji wa mimba una kikomo chake cha kunenepa kwa siku tatu. Ukishasukumwa na soya, nafasi iliyobaki kwa dawa ya Bibi ni ndogo.

Tena chakula hakiongezi tu. Kinaweza hata kufuta. Mwaka 2007 Dana Dolinoy na wenzake walichapisha kisa cha vipanya vya manyoya ya manjano. Mama waliolishwa bisfenoli A walizaa watoto wengi zaidi wa manjano, kwa sababu kemikali ile ilibadilisha alama zinazowasha na kuzima jeni. Walipoongezewa jenisteini katika chakula, badiliko lile halikuonekana tena. Mtafiti asiyejua kwamba chakula chake kina soya angeandika, kama mlivyoandika nyinyi, hakuna athari iliyoonekana.

Mtasema kundi la ethinili estradioli liliitikia vizuri, kwa hiyo kipimo kilifanya kazi. Hili ndilo jibu mlilonipa ofisini na nakiri lilininyamazisha siku ile. Nimelifikiria baadaye, barazani. Ethinili estradioli ni kali mno. Siwa ikipulizwa katikati ya zefe ya maulidi itasikika tu, hata matwari yakilia. Hilo halithibitishi kwamba ungemsikia mtu anayenong'ona. Dawa za mitishamba, zikiwa na estrojeni, kwa kawaida ni minong'ono. Swali la Bibi lilikuwa juu ya mnong'ono.

Mtasema soya ni lishe bora na watu wanakunywa uji wake. Mimi mwenyewe nanywa. Sijasema soya ni sumu.

Mtasema chakula maalumu ni ghali. Hapo mna haki, na nisingependa mtu aje kuwacheka. Chakula kilichosafishwa, chenye kaseini ya maziwa badala ya soya, huagizwa ng'ambo, na bajeti yetu naijua kwa vile ndiyo iliyonifanya niokote magunzi. Wala hakina ukamilifu. Fomula ya zamani, AIN-76A, iliwaletea panya majike chokaa kwenye figo hadi ikarekebishwa na ile ya AIN-93. Na mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipanya vya aina ya CD-1 waliolishwa chakula chenye estrojeni ndogo ya mimea walibeba watoto waliokuwa na estrojeni nyingi zaidi damuni wakiwa bado tumboni, na watoto hao walipokua wakanenepa. Kwa hiyo siwaambii kuna chakula kisicho na lawama. Nasema mjue mliwapa nini, mkiandike, na mwandike pia kwamba kinaweza kuwa kimeathiri jibu. Hilo halina gharama ya meli.

Na kuna njia ya katikati. Kiwanda kidogo cha kusaga chakula cha mifugo kinaweza kututengenezea gunia chache bila soya na bila alfalfa: mahindi yaliyokaguliwa, ngano, dagaa kwa protini, unga wa maziwa, mafuta, madini na vitamini. Nilikwisha kuuliza. Walinicheka kidogo, wakasema inawezekana, mradi tuagize kwa pamoja na tulipe mapema. Kisha sampuli ipelekwe kwenye maabara yenye mashine ya kupima isoflavoni, kabla panya hawajaonja. Panya wa kuzalisha nao wawekwe kwenye chakula hicho, maana kitoto hunyonya alichokula mama yake.

Mtasema, mwisho, kwamba mimi si mwanasayansi. Hilo halina ubishi.

Ninachoomba ni haya, na sioni katika hayo jambo la kuvunja taasisi:

Kwanza, na kabla ya lolote, Bibi aandikiwe barua nyingine wiki hii. Iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na isemwe wazi kwamba jibu la awali limeondolewa, kwamba hatujui kama dawa yake ina nguvu ya estrojeni au haina, na kwamba yule mwanamke aliyetibiwa saratani asiinywe hadi azungumze na daktari wake. Msiseme "matokeo yanapitiwa upya". Hataelewa, na mimi pia sitaelewa. Mtu ambaye daktari wake amemkataza estrojeni hahitaji kutuamini sisi kwa bahati nasibu. Dunia iliwahi kuwapa wajawazito estrojeni ya kutengenezwa, DES, tangu miaka ya 1940 wakiambiwa ni salama, na ilikuwa mwaka 1971 ndipo saratani adimu ya uke ilipoonekana kwa mabinti waliokuwa tumboni. Sisi hatuna cha kuonyesha hata kwamba tulimpima panya sawasawa.

Pili, uzito wa miji ya mimba wa makundi yote, panya kwa panya, pamoja na uzito wa miili yao, uwekwe wazi kwa kamati ya maadili na kwa yeyote atakayeuomba.

Tatu, kamati ya maadili iulizwe, na ijibu kwa maandishi, ilipitishaje pendekezo ambalo kwenye sehemu ya chakula lilisema tu "chakula cha kawaida". Panya wale waliuawa. Mimi ndiye niliyewashika. Kama walikufa kwa kazi isiyoweza kujibu swali, basi hilo nalo ni suala la maadili, tena si dogo.

Nne, kazi irudiwe kwa chakula kilichopimwa, shehena moja tangu mwanzo hadi mwisho, matandiko yasiyo ya magunzi na chupa za kioo. Wakati wa kurudia, ripoti itaje chakula kwa fomula, shehena na kiasi cha isoflavoni, kama inavyotaja aina ya panya.

Nawapa siku thelathini, si kwa kuwatisha, ila kwa kuwa baada ya hapo nitakwenda Amu mwenyewe kwa basi la alfajiri, nivuke Mokowe, nimweleze Bibi kwa mdomo wangu. Ingekuwa heshima zaidi kwake na kwenu kama nitakwenda na barua yenu mkononi.

Jambo moja la kikazi. Magunia yale mawili, la kwanza na la pili, nilichota kilo moja moja kabla hayajaisha, nikayafunga kwenye mifuko ya plastiki yenye tarehe, yako kwenye friza ya chumba cha wanyama, droo ya chini, nyuma ya barafu. Mtu asiyatupe wakati wa kusafisha. Ufunguo wa chumba uko kwa mlinzi wa zamu ya usiku.

Wenu mtiifu,

Mtunza wanyama wa maabara,
Malindi